Wiki Isiyo na Majina

Kuruthum aliingia karakanani saa tano asubuhi, siku ya Alhamisi, akiwa amefunga mkebe wa siagi ya njugu kwenye ncha ya leso yake. Alikuwa mke wa Suleman, mfanyabiashara wa vyombo mjini Rongo na mwenye jengo lile, na hakuwa mtu wa kuja huko nyuma bila sababu.

"Mwalimu, siagi yako imenigombanisha na watoto," alisema. "Wanadai nimewapakia dawa kwenye mkate. Nikasema ni deko. Halafu nikaonja mwenyewe." Aliufungua mkebe, akauweka juu ya meza. "Onja nawe. Usinisikize mimi."

Dorine Obare, mwenye karakana, alichota kwa ncha ya kijiko. Utamu ulitangulia, chumvi ikafuata, kisha nyuma kabisa ya ulimi ukaja uchungu mkavu uliokataa kuondoka. Akaonja tena, kana kwamba mara ya pili ingeleta ushahidi mwingine. Akaupindua mkebe kusoma nambari iliyoandikwa chini kwa wino mzito: 41–44.

Alijua mikebe mingine yenye nambari hiyo ilikuwa wapi. Mikebe arobaini na minane ilikuwa Sindo, kaunti ya Homa Bay, katika stoo ya shule ya msingi aliyoiongoza kwa miaka kumi na minne. Kila siku ya masomo, saa nne, watoto wa chekechea na wa darasa la kwanza walikorogewa siagi hiyo ndani ya uji.

"Mbona umenyamaza?" Kuruthum aliuliza.

"Nahesabu siku."

Zilikuwa siku tisa tangu mikebe ifike Sindo, na kati yake saba zilikuwa za masomo. Ya saba ilikuwa leo, na saa nne ilikuwa imeshapita. Dorine alichukua simu akampigia Levis, aliyekuwa naibu wake zamani na ambaye sasa alikuwa amekalia kiti chake.

"Levis, ile siagi isitumike tena. Funga stoo."

"Kuna nini, Madam?"

"Funga stoo kwanza. Kesho nitakuwa hapo."

Alikata simu.

Dorine alikuwa amefundisha kwa miaka ishirini na minane. Alipokabidhiwa shule ile ya kando ya ziwa, madarasa hayakuwa na milango, walimu waliingia saa waipendayo, na watoto walilala juu ya madawati kabla ya saa nne. Alipoondoka, milango ilikuwepo na walimu walifika kabla yake. Njaa ya watoto peke yake ndiyo iliyomshinda. Aliandika barua. Alisafiri hadi ofisi za mjini akakalishwa kwenye benchi na vijana wa umri wa wanawe. Wakubwa walijibu kwa kumwomba ripoti, na alipoleta ripoti walimwomba nakala tatu. Nchi hii imeizoea aibu hiyo hadi haioni tena: mtoto analala darasani kwa njaa, na mtu mzima anayelipwa kwa ajili yake anauliza nakala ya tatu iko wapi.

Alistaafu mapema, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Katika semina ya walimu wanaostaafu, iliyofanyika kwenye hoteli moja mjini Homa Bay, mzungumzaji aliyevaa suti ya kubana aliwaambia: "Mmeongoza watoto mia sita na wazazi wao. Mtashindwaje na wafanyakazi tisa? Uongozi mnao tayari. Uchukueni kama ulivyo, mkaupeleke sokoni." Dorine aliyaandika maneno hayo katika daftari, akapigia mstari yale ya mwisho: kama ulivyo.

Basi akauchukua kama ulivyo. Alikodi stoo ya Suleman nyuma ya soko la Rongo, akanunua kikaangio na mashine ya kusaga, akaajiri wanawake tisa wa kuchambua njugu. Nia yake haikuwa siri: siku moja siagi yake ingerudi Sindo na kuingia katika uji wa watoto wale wale aliowaacha wakisinzia, bila kumwomba mtu nakala.

Mengi aliyotoka nayo shuleni yalifaa. Alijua kufundisha jambo moja mara kumi bila kuchoka, hivyo mwanamke ambaye hakuwahi kutofautisha njugu nzima na njugu iliyoguswa na kuvu aliweza kuzitenga kwa kuzigusa tu. Alianzisha sajili. Kila gunia lilipoingia lilipewa nambari kama mtoto anayeanza darasa la kwanza, likaandikwa kijiji lilikotoka na jina la mkulima mahali pa jina la mzazi. Wanawake walicheka sana siku ya kwanza. "Hili nalo litabatizwa lini?" mmoja aliuliza, na Dorine mwenyewe akacheka.

Kisha kulikuwa na orodha.

Msomaji aliyepita katika shule za nchi hii hahitaji kuelezwa orodha hiyo. Mwalimu anatoka darasani. Kiranja anabaki na karatasi. Anayefungua kinywa anaandikwa, na mwalimu anaporudi, wapiga kelele wanajua mahali pa kusimama. Dorine alikuwa ameiendesha shule nzima kwa karatasi kama hizo. Karakanani alimpa Scovia, mmoja wa wale tisa, daftari la kurasa thelathini na mbili, kwa sababu Scovia alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa mcheshi. Atakayepitisha njugu mbovu, atakayechelewa, atakayesahau zamu yake, jina lake liandikwe. Hakumkata mtu hata senti, na alijivunia hilo. Ila Ijumaa mchana, kengele ikilia, waliotajwa walisimama mbele ya wenzao, mikono nyuma, kila mmoja akaeleza kosa lake.

Hawa walikuwa wanawake wazima. Wawili kati yao walikuwa na wajukuu.

Walipiga mzaha, kwani hawakuwa na silaha nyingine. Walipaita mahali pale shule ya bweni. "Mimi naenda bweni," mmoja aliwaambia majirani asubuhi, "hata kupiga chafya nitainua mkono." Mbele ya Dorine, hata hivyo, palikuwa kimya, na Dorine aliyapima mafanikio yake kwa kimya hicho. Mwezi wa kwanza daftari lilikuwa na majina kumi na saba. Wa pili, tisa. Kisha ikafika wiki moja ya mvua kubwa ambayo haikuwa na jina hata moja. Alifurahi hadi akawanunulia soda na keki, akawaambia mbele ya wote kwamba katika miaka yake yote hajapata kuona darasa lililobadilika haraka hivyo. Walikunywa soda zao wakitazama chini. Yeye alidhani wanaona haya.

Hiyo ndiyo wiki iliyozaa mikebe ya nambari 41 hadi 44.

Sasa, Kuruthum akiwa bado amesimama mezani, Dorine alifungua sajili. Gunia la arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini na tatu, arobaini na nne: yote kutoka Ndhiwa, yote yameingia makavu, yamepimwa, hayana doa. Alipiga kengele, ingawa haikuwa saa ya kengele. Wanawake tisa waliacha nyungo zao wakajipanga.

"Magunia haya manne," alisema, "yaliingia hapa yakiwa mazima. Siagi yake ni chungu. Ni nini kilitokea?"

Mashine ilikuwa imezimwa, na sauti za soko zilisikika ng'ambo ya ukuta, mtu akinadi viazi vitamu.

"Scovia. Wiki ile ya mvua uliandika nini?"

Scovia alifungua daftari, ingawa hakulihitaji. "Jumatatu hakuna. Jumanne hakuna. Mpaka Ijumaa, Madam, hakuna. Wewe mwenyewe ulituletea soda."

Mtu alicheka puani kisha akajizuia.

"Hakukuwa na kosa, au hukuandika?"

Scovia alilifunga daftari polepole. "Madam, mimi na hawa tunateka maji bomba moja. Nikiugua, ni hawa wananipikia. Nikiandika mtu Jumatatu, Ijumaa asimame pale mbele kama kitoto, jioni tunarudi njia moja. Wewe unarudi kwako. Koro, sasa niambie, ungekuwa mimi ungeandika?"

Dorine alifungua kinywa kujibu kama alivyozoea kuwajibu viranja, kwa neno moja, jukumu. Lakini alikuwa akiutazama mstari wa wanawake, na kimya chao alikifahamu vizuri. Alikuwa ameishi nacho miaka ishirini na minane akikiita nidhamu.

"Ni mimi," sauti ilisema kutoka mwisho wa mstari.

Alikuwa Mellen, mdogo kuliko wote, mwenye miaka ishirini na sita. Dorine alimfundisha Sindo kabla hajaolewa huku Rongo, na alikuwa amemchukua kazini bila kumhoji kwa sababu hiyo.

"Zamu ya turubai ilikuwa yangu Ijumaa ya kabla ya wiki hiyo," Mellen alisema. "Paa linavuja pale pembeni, unajua. Nilisahau kufunika. Mvua ikanyesha siku mbili. Jumatatu tukakuta magunia manne yamelowa chini, ukiingiza mkono ndani ni joto kama uji. Wewe ulikuwa umeenda Sindo kuelewana na shule. Tukayaanika. Njugu zilizokuwa nyeusi tukazitoa. Zilizobaki zilikuwa zinaonekana tu sawa, Madam. Zilikuwa zinaonekana sawa."

"Tukazitoa," Dorine alirudia. "Nani na nani?"

Wanawake wengine wanane walitazama sakafu, na hilo likawa jibu.

"Nilirudi Jumatano. Nilikuwa hapa Alhamisi na Ijumaa yote. Kwa nini hamkuniambia?"

Mellen aliinua sketi yake kidogo. Kwenye muundi wa mguu wa kushoto palikuwa na kovu refu, jeusi, lililokunjamana. "Unalikumbuka hili?"

"Choo cha wasichana," Dorine alisema. "Ulikuwa darasa la sita. Mimi ndiye niliyekubeba hadi hospitali."

"Ulinibeba, ndio, na asante. Lakini ile mbao ya sakafu ya choo ilioza tangu muhula wa kwanza. Wasichana wote tulijua. Tulikuwa tunairuka. Siku moja kwenye gwaride nikamwambia mwenzangu kwamba leo nitamwambia Madam. Kiranja akaniandika kwa kuongea kwenye mstari. Nikasimama mbele na wapiga kelele. Sikusema tena. Nikaanguka mwezi uliofuata." Aliishusha sketi. "Nilipotoka hospitali nikasikia umeuliza darasa zima kwa nini hawakusema. Ukawafyekesha nyasi za uwanja kwa sababu walinyamaza."

Kuruthum alichukua mkebe wake, akaufunga tena ndani ya leso, akatoka bila kuaga.

Mchana huo Dorine alipeleka sampuli kwa afisa wa afya ya umma. Afisa alimwambia asiuze hata kijiko. Majibu ya maabara yangechukua muda. Sumu ya kuvu, alisema, mara nyingi haimwangushi mtu siku hiyo hiyo. Inaweza kukaa kwenye ini ikingoja, na watoto wadogo ndio inaowaonea. Mtoto yeyote atakayetapika au kuwa na macho ya njano apelekwe hospitali bila kusubiri. "Wazazi wanajua?" aliuliza. Dorine alisema kesho watajua. Alipokuwa akitembea kurudi aligundua kwamba alikuwa amelisema jambo hilo kabla ya kuliamua.

Suleman ndiye aliyempeleka Sindo Ijumaa, kwa gari lake la kubebea vyombo. Mellen alikaa kati yao, akiwa ameiweka sajili mapajani. Walipita Rodi, wakapita Homa Bay mjini, na ziwa likaanza kuonekana upande wa kulia kabla Suleman hajatia neno.

"Mwalimu, hilo paa uliniambia linavuja?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia, ni kweli. Siku hiyo nilikuwa na wateja." Akaendesha kidogo. "Sasa nisikilize, na usinikasirikie. Haya mambo yana njia yake. Sema tarehe zilikosewa kwenye mikebe. Ichukue yote, uwape mingine mizuri, kila mtu anakushukuru. Ukisema neno sumu katika shule, si siagi tu itakayokufa. Hata hawa akina mama wako tisa watakaa nyumbani."

"Najua."

"Basi kama unajua."

"Nimesema najua, Suleman. Sijasema nakubali."

Levis aliwapokea ofisini, akafunga mlango. Alikuwa mtu mwangalifu, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni, nyekundu na nyeusi, kama Dorine alivyomzoesha. Mikebe ilikuwa imepangwa sakafuni. Mellen aliinama kuihesabu, akisoma nambari moja moja na kuzilinganisha na sajili.

"Arobaini na mmoja," alisema. "Saba imeisha."

Mikebe saba, siku saba.

"Imeisha, na hakuna mtoto aliyeugua," Levis alisema. "Madam, naomba tuelewane kama watu wa nyumba moja. Hii unaichukua. Mimi nitawaambia walimu kwamba muda wake wa matumizi umepita. Kwa nini tuwatie wazazi hofu kwa jambo ambalo hata maabara haijathibitisha?"

"Kwa sababu watoto wao wameila."

"Watu wataniuliza nani aliruhusu. Jina ni langu kwenye barua, na kamati iko nyuma yangu." Alishusha sauti, si kwa ukali, bali kwa masikitiko ya kweli. "Ni wewe uliyenifunza kazi hii. Hapa hapa, kwenye kiti hiki. Ulisema mambo ya shule hayatoki nje ya geti. Ulisema kiongozi huficha ufa wakati anapotafuta saruji."

Aliyasema maneno hayo bila kejeli, kama mwanafunzi mwema anayerudia somo. Dorine alikumbuka hata siku alipoyasema. Yalihusu choo.

"Naomba kuona darasa la kwanza," alisema.

Darasa la kwanza lilisimama lote. "Karibu, Madam," sauti hamsini ziliimba. Wengi wao hawakumjua. Waliimba kwa sababu mtu mzima ameingia. Mwalimu wa darasa, msichana wa mwaka wake wa pili kazini, alisimama wima kando ya ubao. Na kwenye kona ya ubao huo, kwa chaki nyeupe, chini ya mstari ulionyooka, palikuwa na kichwa ambacho Dorine mwenyewe alikuwa amewaagiza walimu wote wakiandike pale, mahali pale pale, miaka kumi na minne mfululizo. Wapiga kelele.

Jina lililokuwa chini yake lilikuwa moja, na pembeni yake palichorwa vijiti, kimoja kwa kila kosa. Akeyo. Vijiti vitano.

"Huyu ni msumbufu?" Dorine aliuliza.

"Hakuwa, Madam. Ni wiki hizi tu." Mwalimu alitabasamu kwa wasiwasi. "Kila saa nne anaanza. Uji ni mchungu, uji ni mchungu. Anawachochea wenzake wasinywe. Na chakula ni cha msaada wako, nikaona hiyo ni kukosa adabu. Nikamwandika. Sasa ametulia. Jana na juzi amekunywa chake chote."

Levis aligeuka akatazama nje ya dirisha.

Dorine alimwuliza Akeyo ni yupi. Alikuwa kwenye dawati la pili, mwembamba, jino moja limetoka, mikono imekunjwa mezani kama wote. Dorine alichuchumaa mbele yake mpaka macho yao yakawa sawa.

"Nyathina," alimwita kwa Kijaluo, mwanangu, "niambie. Uji ulikuwaje?"

Mtoto alimtazama mwalimu wake. Kisha akatazama kona ya ubao. Kisha akamtazama Dorine, akasema kwa sauti safi iliyosikika hadi nyuma ya darasa:

"Mtamu, Madam."

Dorine alibaki amechuchumaa muda mrefu kuliko magoti yake yalivyoruhusu. Iliangamia hapo kazi yake yote aliyokuwa akijivunia, si kwa sababu ilishindwa, bali kwa sababu ilikuwa imefaulu. Mtoto wa miaka sita alikuwa na ulimi mzima kuliko karakana nzima na ofisi nzima. Aliionja sumu akaitaja kwa jina lake, mara tano, mbele ya watu. Na shule, kwa utaratibu, kwa chaki na kwa nia njema, ilikuwa imemfundisha kuinywa. Hiyo ndiyo elimu tunayoisifu kila matokeo yanapotangazwa. Kisha tunashangaa watoto hao wanapokuwa watu wazima wanaoona daraja bovu wakapita, wanaoona wizi wakasalimu.

Aliinuka akishikilia dawati. Alichukua kifutio akaifuta ile kona, kichwa na jina na vijiti.

"Levis, waite wazazi leo."

"Na nikikataa?"

"Nitasimama getini, niwaambie mmoja mmoja wanapokuja kuchukua watoto. Na nikiulizwa nani alinifunza kuficha, nitasema nilijifunza mwenyewe, nikakufunza wewe. Sitakubebesha la kwangu."

Levis alizichomoa kalamu zake mbili mfukoni, akazitazama, akazirudisha. Kisha akatoka kwenda kumwagiza katibu wa shule apige simu.

Waliokuja walikuwa kama themanini, wengi wakiwa wanawake kutoka kwenye vichanja vya kuanikia omena, dagaa wa ziwani, magamba yakimeta kwenye mikono yao. Walimshangilia Dorine walipomwona. "Japuonj amerudi," mmoja alisema, mwalimu amerudi, na mwingine akaanza kupiga vigelegele. Dorine aliwaomba wakae. Aliwaeleza bila kuzunguka: magunia manne, mvua, kuvu, siku saba. Aliwasomea nambari kutoka kwenye sajili. Aliwaeleza dalili za kutazama na mahali pa kwenda. Alisema kosa halikuwa la mwanamke aliyesahau turubai, bali la mtu aliyetengeneza mahali ambapo kusahau turubai hakusemeki. Mellen, aliyekaa kwenye ngazi za ofisi, aliinamisha kichwa.

Walimpigia kelele, ilivyostahili. Mzee mmoja aliuliza kama alikuja kuwafanyia watoto majaribio. Mwingine alisema alijua tangu zamani kwamba mwalimu akiingia biashara hugeuka mchuuzi kama wengine. Dorine hakujitetea.

Mwanamke mmoja hakupiga kelele. Alisubiri hadi wengine wakapungua, akaja mbele akiwa amemshika mtoto mkono. Alikuwa Valentine, mama yake Akeyo.

"Aliniambia," Valentine alisema. "Wiki iliyopita. Mama, uji wa shule unauma mdomo. Nikamwambia asiwahi kusema hivyo tena juu ya chakula cha Madam. Nilisoma hapa, wewe ukiwa mkubwa. Nikamwambia, Madam hakosei." Alimvuta mtoto karibu. "Atakuwa mzima?"

Kwa miaka ishirini na minane Dorine alikuwa na jibu la kila swali la mzazi. "Sijui," alisema. "Kesho asubuhi nitakuja twende naye hospitali. Na mwezi ujao tena. Na kila mara watakapotuita."

Valentine alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa, akaondoka na mtoto wake.

Damu ya Akeyo ilipimwa siku ya Jumamosi. Daktari alisema kwa sasa haoni kitu, warudi baada ya mwezi mmoja. Kamati ya shule ilivunja makubaliano ya siagi kwa barua ya mistari miwili. Suleman, bila kuombwa, alimleta fundi wa paa siku ya Jumapili, lakini mvua ikaanza fundi akiwa amemaliza nusu.

Jumatatu Dorine hakupiga kengele. Wanawake walijipanga hata hivyo. Mazoea yaliwasukuma, wakasimama mstari mmoja, mikono nyuma, wakingoja kusikia nani anafukuzwa. Mellen alisimama mwisho kabisa. Dorine alivuta kiti akaketi mbele yao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na lile daftari la kurasa thelathini na mbili hakuwa nalo.

"Nataka kujua ni nini kibaya hapa," alisema. "Leo. Chochote."

Hawakusema. Aliyeamini kwamba kimya cha miaka huvunjwa kwa sentensi moja hajawahi kukaa mbele ya watu kama hawa. Dakika moja ilipita, ikapita ya pili. Mmoja alikuna shingo. Mwingine alimtazama Scovia, na Scovia akatazama mlango. Dorine alisubiri. Akiwa mwalimu aliuliza maswali yasiyo na idadi, na hakuwa amewahi kungoja jibu kwa muda kama huo.

Hatimaye Scovia aliinua mkono.

"Shusha mkono," Dorine alimwambia. "Sema tu."

Scovia aliushusha, ila hakujua auweke wapi. "Fundi hakumaliza upande wa nyuma," alisema. "Maji yameingia usiku. Na gunia la sitini na mbili... nimeingiza mkono sasa hivi. Lina joto." Alivuta pumzi. "Zamu ilikuwa yangu."

Wanawake wote waligeuka kumtazama Dorine usoni, kuona atafanya nini. Aliinuka kitini, akakunja mikono ya gauni lake, akafuatana na Scovia kwenda kutia mkono wake ndani ya gunia.